Mgeni Aliyeondoka na Makaa Yangu

Nilimwona. Haya, nimesema.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisema sikumwona mtu, kwamba jikoni nilikuwa peke yangu na mafua yangu, na kwamba sauti iliyosikika ilikuwa ya redio ya simu. Nimeyasema hayo mbele ya mume wangu, mbele ya wifi yangu, mbele ya akina mama wa jumuiya yetu, na mara moja, Mungu anisamehe, mbele ya padri aliyekuja kubariki nyumba. Haikuwa redio. Alikuja mtu, akaingia jikoni kwangu mchana, akachukua kitu, akaondoka nacho. Asingekuja, habari hii ingeandikwa na mtu mwingine, tena ingekuwa tangazo la msiba.

Najua unachofikiria, kwa sababu hata mimi ningefikiria hivyo hivyo. Nimesoma chuo kikuu. Nimewahi kuandika makala ya kuwacheka watu wanaokutana na wafu njiani, na watu walicheka kweli. Kwa hiyo sikuombi uniamini haraka. Sikiliza kwanza, halafu uniambie wewe ungesema nini.

Tunakaa nje kidogo ya mji wa Karatu, upande wa barabara inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Mume wangu anaendesha watalii. Mimi ninaandika, na kwa majirani maana yake ni kwamba nipo nyumbani na sina kazi. Mtu aliyesoma akionekana hana kazi, atatafutiwa. Mimi nilitafutiwa vyombo vya jikoni vya mtaa mzima.

Ilianza na blenda ya jirani yangu, Mama Deo, iliyokuwa imekufa. Nilisoma kitabu cha maelekezo, ambacho bado kilikuwa ndani ya nailoni yake, nikaona jagi halijakaa vizuri kwenye meno yake. Nikalizungusha kidogo, likalia *ka!*, blenda ikafufuka. Mama Deo alipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Tangu hapo mimi ni Fundi. Naletewa sufuria za umeme zinazozima kabla wali haujaiva, nazigeuza, natoa punje ya wali iliyoganda chini kwenye sahani ya moto, nazirudisha. Naletewa birika la umeme lenye magamba meupe ndani, nachemsha ndimu humo, namrudishia mwenyewe likiwa linang'aa. Sijawahi kufungua skrubu hata moja. Siri yangu yote ni kwamba najua kusoma, na sikuwahi kuitangaza.

Na baridi ya Juni na Julai ikianza, zinaanza simu za mafriji.

"Fundi, friji limeyeyusha nyama yote!"

"Umeliweka wapi?"

"Pale pale jikoni, karibu na mlango."

"Lihamishie sebuleni. Jikoni kwako kuna baridi sana. Kile kipimo cha ndani kinadhani kazi imekwisha, kinazima mashine, na huku juu barafu inayeyuka."

"Yaani friji limesikia baridi?"

"Ndiyo, Mama Deo. Limesikia baridi."

"Wewe mwanamke, hiyo shule uliyosoma ilikuwa ya nini?"

Sasa kuna ugonjwa mwingine wa huku kwetu juu, ambao watu wa Dar hawaujui. Ukungu ukishuka kutoka msitu wa kreta ukakaa, gesi ya kupikia nayo inakuwa vivu. Mtungi una gesi, unautikisa unaisikia, lakini jikoni unapata kimoto cha bluu kinachotambaa kama kinaumwa. Watu husema gesi imelala. Na unajua wanaiamshaje? Wanausogeza mtungi karibu na jiko la mkaa, uote moto, kama mzee aliyetoka kuchunga. Nimewasema watu kwa jambo hilo. Mama Deo nilimsema mpaka akaninunia, nikamtajia kila sentensi ya onyo lililobandikwa kwenye mtungi. Haya mambo niliyajua vizuri kabisa. Shika hilo, maana aibu yangu yote imo humo.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai, saa za alasiri, ila ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kuku walishapanda kulala. Mume wangu alikuwa na wageni huko upande wa Piyaya, ambako simu haishiki. Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka kijijini kwake Kansay kuonyesha magoti yake hospitali. Alikuwa amelala chumba kinachopakana na jiko. Amezeeka, lakini ulimi wake haujazeeka. Jiko la gesi alikuwa halitambui.

"Huo si moto," alikuwa akisema. "Hiyo ni taa."

"Mama, unapika chakula kama moto mwingine."

"Jirani akija kuomba moto, utampa nini? Utamkatia mpira wa gesi?"

Hilo la kuomba moto nilifundishwa na yeye mwenyewe nilipokuja kuolewa. Mimi si Mwiraqw kama wao, nimezaliwa Morogoro. Aliniketisha akaniambia mambo ya nyumba hii, na mojawapo lilikuwa hilo: anayekuja kuomba moto haulizwi wake umezimikaje, haambiwi subiri, wala humchotei. Anaingia, anachukua mwenyewe, kiasi anachotaka. Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi aliyekaa nyuma ya darasa. Nani anaomba moto siku hizi, wakati kiberiti kipo kila duka?

Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Mama mkwe alitakiwa kula kabla ya dawa zake, na mimi nilikuwa nimeapa moyoni kumpikia uji kwa gesi, uive, aunywe, akubali. Nikawasha. Gesi imelala. Nikazima, nikawasha tena, nikasikia kutoka chumbani: "Taa yako inasemaje?"

Niamini, mtu mzima anaweza kuacha akili kwa sentensi fupi kama hiyo. Nilitoka nje nikawasha jiko la mkaa, nikalipepea mpaka likawa jekundu lote, nikaliingiza ndani na kuliweka sakafuni, ubavuni mwa mtungi. Nikafunga dirisha ili joto lisitoke.

Utaniuliza: makaa yalikuwa tayari, sufuria ilikuwa tayari, kwa nini usiuinjike huo uji juu ya makaa? Swali zuri. Nimejiuliza mara nyingi. Mwanamke mwenye shahada aliwasha mkaa ili apashe gesi ili apike kwa gesi. Ukipata jibu nitumie.

Nilikuwa na mafua makali. Pua zote mbili zilikuwa zimeziba, sikuwa nanusa hata kitunguu. Hilo nalo likumbuke.

Nikasikia mtu mlangoni. Hakubisha, ila mlango wa nyuma wa jikoni nilikuwa nimeusahau nusu wazi, na mwanga wake ukazibwa. Nikageuka. Alikuwa mama mzee, mfupi, amejifunika blanketi la kahawia kuanzia kichwani, miguu peku kwenye baridi ile, na mkononi ameshika kipande cha chungu kilichovunjika.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Alinyoosha kile kigae akasema neno moja: "Asla."

Kiiraqw changu ni cha kuombea maji, lakini neno hilo nalijua. Ni moto. Nikacheka kidogo, nikidhani ni mama wa mmoja wa majirani, kaletwa kutoka shamba, kiberiti kimeisha, mkwe wake kamwacha peke yake. Na nikaona fahari, nisikufiche. Nikasema moyoni, mama mkwe asikie jinsi ninavyofuata mafundisho! Nikajisogeza pembeni, nikamwonyesha jiko.

Akaingia, akachuchumaa, akaanza kuchukua makaa. Kwa vidole. Si kwa kijiko, si kwa koleo. Alikuwa anaokota kaa moja moja, jekundu, taratibu, kama mtu anayeokota mayai kwenye kiota asiyetaka yagongane. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko ulivyo wewe na ukurasa huu. Aliokota mpaka jiko likabaki tupu.

"Mama, niachie basi kidogo," nikasema.

Hapo akainua uso. Ungetaka nikuambie ulikuwa wa kutisha. Haukuwa. Ulikuwa uso wa mwanamke anayekuta mwenzake anaosha vyombo ovyo, na anaamua asiseme. Akageukia ule ukuta wa chumbani, akasema maneno kadhaa ya Kiiraqw, polepole. Na kutoka ng'ambo ya ukuta mama mkwe wangu akajibu.

Ni lile jibu lililonishika, kuliko hata makaa. Mama mkwe wangu hamjibu mtu yeyote kwa unyenyekevu. Daktari humjibu kwa maswali, padri humjibu kwa mzaha. Lakini sauti niliyoisikia ilikuwa laini, ya haraka, ya msichana anayemwitikia mkubwa wake. Sijawahi kuisikia tena.

Mgeni akatoka na kigae chake. Nikamfuata hadi mlangoni nimwonyeshe njia, maana ua wetu wa minyaa umeshonana na lango liko upande wa barabara. Ukungu ulimmeza mara moja, nikabaki naona yale makaa tu, wekundu mdogo unaoshuka kwenye mabua ya mahindi. Ulifika kwenye minyaa. Haukusimama, haukuzunguka. Ulipita katikati, mahali ambapo hata kuku hapiti bila kuacha manyoya, ukaendelea upande wa pili, ukapotea.

Nilirudi ndani nikifikiri kuhusu ua. Watu wanapoulizwa walifanya nini baada ya jambo kama hilo husema walipiga magoti. Mimi nilifikiri kuwa minyaa imekufa mahali fulani na inabidi nipande mingine.

Ndipo nikasikia: *sss*. Ndogo sana. Ule mpira wa gesi ulikuwa unaning'inia nyuma ya jiko la gesi, na ulikuwa umegusa ukingo wa jiko la mkaa likiwa la moto. Umelainika, umepasuka. Sikunusa kitu kwa sababu sikuwa na pua. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inashuka na kukaa chini, na chini sakafuni, pale pale ulipopasuka, ndipo nilipokuwa nimeweka makaa.

Nilifunga mtungi. Nikafungua dirisha na milango yote. Nikapaka povu la sabuni kwenye mpira, kama ninavyowafundisha wengine, ingawa sikuhitaji tena, mapovu yakapanda kama maziwa yanayochemka. Halafu nikaweka kiganja kwenye jiko la mkaa. Lilikuwa baridi. Sisemi limepoa, nasema lilikuwa baridi kama limetoka dukani, wala majivu hayakuwemo. Hapo nikakaa sakafuni.

"Amekwenda?" mama mkwe akauliza kutoka chumbani.

"Nani, Mama?"

"Mama mkwe wangu."

Nikae kidogo hapa nikueleze. Hapa tulipojenga ndipo ilipokuwa nyumba ya Ama, yaani bibi, mama yake marehemu baba mkwe wangu. Mama mkwe aliletwa kwake akiwa binti, akaishi chini ya amri yake hadi alipohamia Kansay. Ama alifariki kabla mume wangu hajaanza shule. Kwa hiyo mgeni wangu alikuwa mama mkwe wa mama mkwe wangu. Mwanamke mwingine angeshukuru kuwa na mmoja tu.

Nami nikajibu nini? Nikajibu: "Hakuna mtu, Mama. Ilikuwa redio ya simu."

Kusema kuna aliyekuja kungenilazimu kusema alichukua nini, na kusema makaa kungenilazimu kusema yalikuwa wapi. Fundi! Na juu ya hapo kulikuwa na zile makala zangu za kuchekesha. Nilifikiri ni jambo dogo, litapita.

Akasema, kwa sauti ya kawaida, "Basi ni masikio yangu."

Halikupita. Yeye alikuwa na hakika ya alichosikia, na mimi, mkwe aliyesoma, anayejua mpaka maradhi ya mafriji, nilimwambia hakuna. Nani anaaminiwa hapo? Alirudi Kansay akaanza kujitilia shaka. Akiitwa haitiki mpaka aitwe tena, kwa kuhofia si mtu. Jirani akimsalimia ukungani, anamwangalia kwanza. Wifi yangu Paulina, dada wa mume wangu anayekaa Arusha, alikwenda kumwona akarudi analia. "Mama anachanganyikiwa," alituambia. "Tena amenieleza mwenyewe, kule Karatu alimsikia Ama. Akasema, ila mkwe wangu aliniambia ni redio, kwa hiyo ni mimi nimeharibika."

Ukaitwa mkutano wa familia. Ikaamuliwa ahamie Arusha kwa Paulina, kwenye nyumba ya ghorofani, asiishi peke yake. Ng'ombe wakabidhiwe ndugu, nyumba ifungwe. Mama mkwe, ambaye katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumwamulia hata rangi ya khanga, alisema sawa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimeshika kikombe cha chai. Nikaulizwa, "Wewe ulikuwepo, unasemaje?" Nikasema ni vizuri apumzike.

Siku Paulina na wenzake walipokwenda Kansay kumchukua niliamka mapema nikashindwa kuandika. Nitakuambia nilichofanya, lakini kwanza nikuonye, kwa sababu wengi mkishapata mwisho wa kisa mtakwenda zenu.

Mtungi wa gesi hauoteshwi moto. Ukilala, uache ulale, pika kwa mkaa huko nje, na aliyeko chumbani akikucheka, mwache acheke. Mpira ukiwa mgumu au una nyufa, badilisha leo. Ukiwa na mafua usiitegemee pua, tumia povu la sabuni. Mtungi wangu sasa uko nje, kwenye kibanda chenye matundu, na jiko la mkaa halivuki kizingiti. Na akija mtu kuomba moto, ambaye humjui, mahali ambapo hukutegemea mtu, mpe. Usimhesabie. Akichukua wote, mwache achukue wote, halafu geuka uangalie nyuma yako kuna nini. Lakini kubwa kuliko hayo: mtu wa nyumbani kwako akikuuliza kama umesikia alichosikia, na wewe umesikia, sema ndiyo. Usimwache peke yake.

Nilimpigia Paulina. Alipokea huku anahema, nyuma yake nasikia kuku na mlango wa gari.

"Wifi, fanya haraka, tunapakia."

"Acheni kupakia."

"Nini?"

"Mama hajachanganyikiwa. Siku ile mtu alikuja. Nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona nani?"

"Ama. Alikuja kuomba moto."

"Wewe?" akasema. "Wewe mwenye digrii?"

"Mimi mwenye digrii." Nikamweleza yote, mtungi, makaa, mpira, minyaa. Nilisema haraka kama mtu anayetapika.

"Wifi, na ulikaa kimya muda wote huu? Mama yangu anajiona kichaa, wewe unakunywa chai?"

"Ndiyo. Nisute baadaye. Mpe simu."

Simu ikapita mikononi. Nikasikia pumzi ya mama mkwe, kisha: "Paulina anasema alikuja."

"Alikuja, Mama. Nisamehe. Haikuwa redio."

"Miguu peku?"

"Peku."

"Na baridi ile!" Akacheka, kicheko kidogo, cha mtu aliyepata kitu mfukoni. "Hakupenda viatu kabisa. Nilimnunulia, akampa mbuzi alalie."

"Mama, alikuambia nini pale ukutani?"

Akawafukuza kuku kwanza.

"Aliniambia nilale tu, leo jiko ni lake," akasema. "Miaka yote niliyoishi kwake, unajua, hakuwahi kuniambia nilale. Hata nilipojifungua." Kisha akageuza uso kutoka kwenye simu, na sauti ikabadilika, ikawa ile ninayoijua mimi, ile ya kumjibu daktari. "Paulina! Mbona umesimama? Shusha hilo godoro. Na huyo dereva mwambie asikanyage maharage yangu akigeuza."